Namba Mbili za Faili Moja

Ipagala, alasiri

Mwanangu Nyemo,

Umetoka sasa hivi kwenda Mkonze kumuaga shangazi yako Yuditi. Mama yako yuko chumbani, anapanga na kupangua begi lako kwa mara ya tatu. Nimefunga mlango wa karakana na kuwaambia watu wawili waliokuja na pasi zao mbovu warudi keshokutwa. Nataka niandike kabla hujarudi, maana ukiwepo hapa nitaanza kuzungumza habari za basi na saa ya kuamka, na hayo mama yako ameshayamaliza. Blanketi, baridi ya Mbeya, kula vizuri, kutowaazimisha watu sufuria: yote nimeyasikia kupitia ukutani na sina cha kuongeza.

Mimi nataka kukueleza habari ya kanda ya akina bibi. Utasema unaijua, na ni kweli unaijua kuliko mimi. Lakini kuna kipande chake kimoja ambacho sijawahi kukwambia, na sitaki upande basi kesho nikiwa bado nimekikalia.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Nilipokuwa fundi wa redio serikalini, nilikuwa na koti la bluu, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa uzi mfukoni. Walipoanza kupunguza watu kazini, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Nilirudi nyumbani na kisanduku cha vifaa, nikakaa kwenye ngazi ya mlango, na mama yako aliniletea maji ya kunywa. Lakini miaka ile ile iliyonitoa ofisini ndiyo iliyoleta vitu. Milango ilifunguliwa. Zikaingia televisheni, watu wakaanza kupandisha madishi juu ya paa, zikaja deki za video, na baadaye zikaja kompyuta zilizochoka huko zilikotoka. Hakuna aliyenifundisha hata kimoja kati ya hivyo. Nilijifunza kwa kufungua. Kitu kikiletwa kimekufa nilikifungua, nikakitazama, nikagusa hapa na pale hadi kikawaka. Na kikiwaka, nilimpa mwenyewe nikamwambia, "Kizima hicho." Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yangu. Kikiwaka, kizima. Ilinilisha miaka mingi, ikanifanya nijione najua.

Kanda nazo zilianza kama mchezo. Nilikuwa narekodi vipindi ili nijaribie deki za wateja, kisha nikavipenda. Taarifa za habari, ngoma, kwaya, ndondi. Jirani akikosa kipindi alikuja kwangu. Rafu ilijaa, na kila kanda niliiandika ubavuni kwa kalamu nyeusi.

Ndipo watu wa televisheni walipokwenda Gulwe. Ulikuwa darasa la tano. Waliweka kamera karibu na stesheni, upande wa pili wa reli, wakawachukua akina mama wa pale wakipiga muheme, zile ngoma zetu ambazo wanawake huzibana katikati ya mapaja. Bibi yako, mama yangu mzazi, ndiye aliyekuwa akianzisha. Alikuwa anapiga peke yake kwanza, mapigo machache ya kukwamakwama, kama mtu anayebisha hodi na hana uhakika wa nyumba. Halafu wenzake wanaingia wote kwa pamoja na vumbi linapanda. Kipindi kilikuwa cha nusu saa, kikatoka Jumapili moja mchana, na mimi nikakirekodi. Bibi yako alipokuja kujitazama alikaa chini mbele ya televisheni na kucheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. "Kumbe nina shingo ndefu hivi," alisema.

Alifariki mwaka uliofuata. Unakumbuka.

Sasa nakuja kwako. Ulikuwa kidato cha tatu ulipookota lile kasha la kompyuta nililokuwa nimelitupa nyuma ya choo. Ulilisafisha kwa mswaki. Ukaniomba diski, ukaniomba feni, ukaniomba ile kadi ya kuingiza picha za televisheni ambayo mteja aliiacha na hakurudi. Nilikupa kwa sababu nilidhani utachoka. Hukuchoka. Siku moja ukatuita, ukabonyeza, na taarifa ya habari ya jana yake ikaonekana kwenye kioo bila deki na bila kanda.

"Hii sasa ni seva yetu," ulisema.

Mama yako akauliza, "Seva ndiye nani?"

Tulicheka sana siku ile. Lakini nataka nikwambie nilichokiona mimi, kwa sababu sikukwambia wakati ule. Mimi kitu kikiwaka huwa nimemaliza. Wewe kilipowaka ndipo ulipoanza. Ulikuja na maswali ambayo sikuwahi kujiuliza katika maisha yangu yote ya ufundi. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili linakuwaje? Vumbi la Dodoma likijaa ndani, diski itaishi muda gani? Ulinitafutia kazi, mimi baba yako. Tukafunga betri ya gari na kile kibadilishi cha umeme, ili mgao ukitukuta mashine ipate nafasi ya kujizima kwa adabu badala ya kuanguka. Ukakata chandarua kikuukuu na kukishona mbele ya matundu ya hewa, na kila Jumamosi ulikifua. Mimi nilikuwa nakutazama nikiwa na bisibisi mkononi, najifanya nina kazi. Nilikuwa nafurahi, Nyemo. Nilikuwa nafurahi na sikusema.

Ulihamisha kanda moja moja kwenda kwenye mashine, na kanda ya akina bibi ulianza nayo. Ulifanya vizuri, maana ilikuwa imeshaanza kunata na kufanya ukungu. Na mimi, siku tatu baadaye, nilitaka kurekodi mpira, sikuona kanda tupu, nikachukua ile. Nilijiambia kipindi kipo kwenye kompyuta. Mpira wenyewe uliisha bila bao.

"Baba, kanda ya akina bibi iko wapi?" uliniuliza.

Nilikuonyesha. Ulisoma ubavuni, ukaona nimekata maandishi ya zamani kwa mstari na kuandika mapya juu yake. Hukupiga kelele. Ulisema, "Basi sasa ipo moja tu duniani." Nilikwambia usitie chumvi, watu wa televisheni wenyewe wanayo. Wiki ile ile ulikwenda posta, ukapiga simu kwa watu wale. Wakakwambia nao walikuwa wanarekodi upya juu ya kanda zao, kile kipindi hakipo.

Ndipo ulipoanza lile daftari. Mara ya kwanza nilipoliona nilidhani ni hesabu za shule. Kila kipindi kilikuwa na mstari wake, na mbele yake herufi na tarakimu zimefuatana ndefu, hazina maana yoyote. Ulinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mzee wake bila kumvunjia heshima. Kwamba kuna programu inayosoma faili lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha inatoa namba hiyo. Faili likibaki vilevile, namba inabaki vilevile hata baada ya miaka kumi. Likibadilika hata kidogo, hata mahali ambapo jicho halioni, namba inakuwa nyingine kabisa.

"Kwa hiyo unalikagua?" nikasema.

"Ndiyo, baba. Kwa sababu faili linaweza kuonekana lipo, jina lake ni lile lile, ukubwa ni ule ule, na ndani limeshaharibika."

Nilikujibu nini? Nilikujibu, "Likifunguka, ni zima." Nikarudi kwenye pasi zangu.

Ukataka pia nakala ya pili ikae nje ya nyumba hii. Nilikuuliza kwa nini isikae hapa kwenye rafu.

"Radi ikipiga hapa, baba, itapiga zote mbili."

"Sasa utaipeleka wapi?"

"Kwa shangazi."

Nilicheka hadi mteja mmoja akageuka. Nilisema Yuditi ataifanya kigingi cha kufungia mbuzi. Wewe ulitabasamu, na mimi nikadhani habari imeishia hapo. Kumbe ulichukua ile diski ndogo ya zamani niliyosema haifai kitu, ukaipima wiki nzima, ukaiandikia vipindi vyote, ukaifunga kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, na shangazi yako akaiweka ndani ya sanduku lake la bati pamoja na vitenge vyake vya kanisani. Hakuna aliyeniambia. Nyinyi wawili mliogopa kicheko changu, na hilo bado linaniuma.

Sasa kosa langu. Mwaka jana ofisi moja ilisafisha stoo, nikapewa kompyuta mbovu tatu nichukue vipuri. Katika moja nilikuta ram. Wewe unaijua, lakini naandika kama nitakavyomsimulia mtu mwingine siku nyingine: ni kile kibao chembamba ambacho kompyuta inashikia kazi yake kwa muda inapokuwa inafanya kazi. Kila kinachopita kwenye mashine kinapita hapo. Nilikuwa pia nimepata diski kubwa nzuri. Nikaona nikufanyie kitu. Ulikuwa shuleni, kidato cha sita, unarudi jioni umechoka. Nikafungua seva yako, nikachomeka ram ile. Ikawaka. Nikahamisha vipindi vyote kutoka diski ya zamani kwenda kwenye diski mpya, na vilipokwisha nikaifuta ya zamani ili nimuuzie mtu. Nilitaka urudi ukute mashine imekuwa nyepesi, ushangae, useme baba bado yumo.

Ulirudi na mtihani wa kesho yake kichwani, hukuifungua mashine. Wala siku iliyofuata. Na siku ya tatu akaja bibi yako mdogo, Bibi Mwaja.

Alikuja kwa treni kutoka Gulwe na wanawake wawili, wote waliobaki katika wale waliokuwa wakipiga na mama yangu. Waliingia sebuleni, tukaamkiana, "Mbukwa, mbukwa," na wewe ukapiga goti kwa kila mmoja na shikamoo yako. Bibi Mwaja hakuzunguka. Alisema wasichana wa pale kijijini wanataka kufundishwa muheme kwa ajili ya sikukuu ya mavuno kanisani, nao wameshaanza kuwafundisha, lakini wamekwama mahali pamoja. Kuanzia.

"Mkono wangu unajua kuingia," alisema, akajipiga gotini. "Dada ndiye aliyekuwa anafungua mlango. Sisi tulikuwa tunamfuata tu. Amekufa nao. Nikijaribu, naona siyo wenyewe. Nikasema, twende kwa mtoto wake, tumsikilize kwenye televisheni."

Majirani walikuwa wamejaa. Nilifungua faili kwa mbwembwe. Picha ikaja, stesheni ikaonekana, mbuzi wakapita kwenye reli. Mama yangu akaonekana, akarekebisha ngoma mapajani, akainua mikono. Kisha kioo kikajaa miraba ya kijani. Sauti ikakwaruza kama bati linaloburutwa. Picha ikaganda na mikono ya mama yangu hewani, na haikusogea tena.

Nilijaribu mara tatu. Niliona nyuso za wale wazee watatu waliokuja na vikapu vyao, niliona majirani wananitazama mimi fundi, na nikafanya kitu ambacho ningetoa mkono wangu kukirudisha. Nilikugeukia.

"Nyemo! Umefanya nini kwenye hii mashine?"

Ukasema, "Sijui, baba. Sijaigusa wiki hii. Nitaangalia."

"Hujaigusa! Kila siku unachezeachezea, mara namba, mara madaftari! Ona sasa! Umemuua bibi yako mara ya pili!"

Nilisema hivyo. Mbele ya watu. Mama yako alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Bibi Mwaja akasema taratibu, "Mwache mtoto. Uso wa dada tumeuona." Wewe uliwashika wale wazee mkono mmoja mmoja, ukawaomba radhi, na ukawasindikiza hadi stesheni ukiwa umebeba vikapu vyao viwili.

Kipande ambacho hukijui ni hiki.

Kesho yake asubuhi, ulipoondoka kwenda shule, nilifungua seva. Kitu kilikuwa kimenisumbua tangu jana yake. Nilitoa ile ram, nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine ya karakana, nikaiacha ifanye kazi. Baada ya muda kompyuta ile ikaganda. Nikaiwasha tena, ikaganda tena. Nikaitoa, kompyuta ikakaa vizuri hadi mchana. Kwa hiyo nilijua, Nyemo. Sikukisia. Saa sita ya siku ile nilikuwa najua kwamba ni mimi.

Na niliirudisha. Niliichomeka tena kwenye seva yako, mahali pale pale, nikafunga kasha na skrubu zake nne. Nilijiambia nitakueleza jioni. Jioni ulikuja, ukakaa mbele ya mashine na daftari lako, na mimi nikawa na mteja. Siku ya pili nikawa na mteja mwingine. Hakukuwa na mteja. Nilikuwa nafungua redio nzima na kuifunga.

Siku ya tatu uliniita. Macho yako yalikuwa mekundu kwa kusoma namba.

"Baba, njoo uone. Faili hili nimelisoma mara mbili, halikuguswa katikati. Limenipa namba mbili tofauti."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siyo faili peke yake. Faili likiharibika, linaharibika mara moja, linatoa namba moja mbaya. Hili linatoa kila mara namba nyingine. Mashine ndiyo inayosoma vibaya." Ukanitazama. "Kuna kitu kilibadilishwa humu ndani?"

Nilisema, "Hapana."

Ulidhani labda nimesahau. Ndivyo ulivyomwambia mama yako baadaye, kwamba baba ana kazi nyingi, alisahau kwamba aliweka ram. Sikusahau. Nilikutazama usoni nikasema hapana, huku nikijua.

Kesho yake nilikuta kwenye meza yangu karatasi imekunjwa. Ndani yake mlikuwa na ile ram, na alama yangu ya rangi nyekundu ya kucha ninayoweka kwenye kila kipuri changu. Juu ya karatasi uliandika neno moja: Mbovu. Hukumwonyesha mama yako. Hukuwaambia majirani walionisikia nikikupigia kelele. Ulikuwa umeshatoka. Ulichukua baiskeli yangu, ukaenda Mkonze kwenye jua lile.

Uliporudi ulikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na kifurushi cha nailoni kwapani. Ndipo nilipoelewa mlichofanya na Yuditi. Hukunieleza kwa maneno mengi. Uliunganisha ile diski, ukaamuru programu ilisome faili la akina bibi, ukanipa daftari.

"Wewe soma daftari, baba. Mimi nitafuata kwenye kioo. Soma taratibu."

Zilikuwa herufi na tarakimu thelathini na mbili. Nilianza kusoma kama mtoto wa darasa la kwanza, na wewe ukisema "ndiyo" baada ya kila moja. Saba. Ndiyo. A. Ndiyo. Tatu. Ndiyo. Nilikuwa nimekudharau kwa daftari hili, na sasa lilikuwa limeshika mikono ya mama yangu. Nikafika ya mwisho.

"Tisa," nilisema.

"Ndiyo."

Nikafunga daftari. Nikasema, "Nyemo, ile ram ni yangu. Niliiweka mimi."

"Najua, baba. Ina rangi yako."

"Mbona hukusema?"

Ulikuwa bado unatazama kioo. Ukasema, "Nilikuwa natafuta faili, baba. Sikuwa namtafuta mtu."

Nimeyarudia maneno hayo mwaka mzima. Nimeishi na watu wazima, mabosi na mafundi wakubwa, na kitu kikiharibika cha kwanza tulichotafuta ni mtu. Mimi mwenyewe nilimpata mtu wangu kabla picha haijamaliza kuganda, na mtu huyo alikuwa mwanangu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, umetukanwa mbele ya kata nzima, na siku zote zile ulikuwa unasoma namba.

Tulipokipeleka kipindi Gulwe ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinama kwenye nyaya na sijui uliona kiasi gani. Ulikuwa umeandika nakala nne za kipindi kwenye sahani za CD. Tuliweka televisheni kwenye chumba cha darasa la kanisa, mchana, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Mama yangu aliinua mikono, na safari hii ikashuka. Yale mapigo ya kubisha hodi. Bibi Mwaja alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, na nikaona vidole vyake vikianza mapajani, vinakosea, vinasikiliza, vinaanza upya. Akasema, "Rudisha." Ukarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tano au ya sita mkono wake ulikwenda sambamba na wa dada yake, pigo kwa pigo, na wale wasichana waliokuwa nyuma wakasimama bila kuambiwa. Mama mmoja alikuwa analia. Bibi Mwaja hakulia. Alisema, "Kumbe alikuwa anaanza na kushoto! Miaka yote nimekaa kulia kwake, sijaona!"

Pale ndipo niliposimama nikawaambia kwamba kipindi kiliharibiwa na kipuri changu, na kwamba niliyemkaripia siku ile ndiye aliyekiokoa. "Wewe tangu utoto," akasema Bibi Mwaja, "uliivunja redio ya mjomba wako ukasema imevunjwa na kuku." Watu wakacheka, nikacheka nao, na kicheko kile kilinifaa sana, maana kilinipa mahali pa kujificha. Nilisema kipuri kilikuwa changu. Sikusema kwamba nilijua tangu siku ya pili, nikakirudisha na kukifunga kwa skrubu. Niliwapa nusu, wakanisamehe yote.

Leo nakupa nusu iliyobaki. Ningeweza kuinyamazia, unanifikiria vizuri na ingependeza ukaondoka hivyo. Lakini nakuheshimu mno, Nyemo. Unakwenda kusomea mambo haya, na walimu wako watakusifu kwa akili yako, nami nakubaliana nao. Ninachokistaajabia zaidi mimi ni kwamba hukubali kitu kwa sababu kinaonekana kizima. Unakisoma chote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo unasema. Basi nisome na mimi hivyo. Ukikuta pamebadilika, usione aibu kuniambia.

Utakosea na wewe huko. Utafuta kitu cha mtu, utachomeka kibovu mahali pa kizima, utasema hapana wakati ni ndiyo. Sina dawa ya kukupa. Najua tu kwamba kukuambia ukweli jioni ya siku ile niliyojua kungenigharimu dakika mbili, na sasa kumenichukua mwaka na kurasa zote hizi.

Kuna jambo la jana nikueleze, kisha nimalize, nasikia mama yako anauliza kama umerudi. Mzee mmoja wa Ipagala aliniletea redio yake ya kaseti, ya zamani sana, ameitunza kama yai. Kamba tu ya kuzungushia kaseti ndiyo ilikuwa imelegea. Nilipokuwa naifungua bisibisi iliteleza ikavunja jino la gia. Redio za aina ile hazipatikani tena. Mzee alikuwa nje, anaongea na watu, hakuona. Nilijua kabisa maneno ya kusema, nimeyasema miaka mingi: mzee, umeileta ikiwa imeshavunjika.

Nilitoka nje nayo mkononi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo tena. Nimeivunja mimi. Sasa hivi."

Aliitazama redio, akanitazama mimi. Kisha akavuta kigoda, akakaa kivulini mwa ukuta wetu.

"Basi itengeneze," akasema. "Nakusubiri."

Nilikaa nayo mchana kutwa. Jino nililichonga kwa kipande cha plastiki, likakataa, nikachonga jingine. Ilipoanza kuimba mzee alikuwa amesinzia, na sikumwamsha. Niliiacha iimbe upande mzima wa kaseti, nikaigeuza, nikasikiliza na upande wa pili hadi mwisho, ndipo nikamgusa bega.

Mungu akutangulie njia nzima, mwanangu, na akukalishe vema huko.

Mimi baba yako